Saa na Muda: Tahadhari kwa Wafasiri wa Programu

Neno "saa" lina maana kadhaa, zikiwamo hizi mbili: wakati wa siku na kipimo cha dakika 60. Karani wa Same aanzaye kazi saa 2 asubuhi na kumaliza saa 10 alasiri amefanya kazi kwa saa 8. Katika mazungumzo hapana utata. Katika kompyuta upo.

GNU Emacs ni programu huria ya kuandikia na kuhariri matini, iliyotolewa mwaka 1985. Ndani yake imo sehemu iitwayo timeclock, inayoandika wakati wa kuingia kazini na wa kutoka kwa hesabu ya saa 24: 08:00 na 16:00. Kwa kuwa ni huria, yeyote aweza kuiongezea uwezo wa kuonyesha saa za Kiswahili, yaani kurudisha mshale nyuma kwa saa 6.

Hapo ndipo penye hatari. Ikiagizwa kwamba kila "saa" ipunguzwe 6, zile saa 8 za kazi zitasomeka 2, na karani atapunjwa ujira wake. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi mbili zitenganishwe: "wakati" na "muda". Mshale urudishwe katika safu ya Wakati peke yake. Safu ya Muda na kumbukumbu za asili zisiguswe.