Mwalimu, leo uko upande gani?

Mpira wa kikapu niliufahamu Butembo, ukimbizini, katika uwanja wa misheni. Kule huitwa "basket". Niliporudi nyumbani Kisinga na kuanza kufundisha, wanafunzi walinicheka kila nilipotamka neno hilo, na jina la "Mkongo" likaninata.

Mwaka 2022 halikunisumbua. Espoir Fukash ya Lubumbashi ilicheza Ligi ya Kikapu ya Afrika (BAL), mashindano ya klabu 12 yaliyoanza Kigali mwaka 2021 chini ya NBA na FIBA. Niliishangilia bila kificho.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya City Oilers ya Kampala, timu ya kwanza ya Uganda kufika huko. Ilipangwa Cairo katika kundi la timu sita, nne zikitakiwa kusonga mbele. Tulitazama Bwera, kibandani, pamoja na wachuuzi waliolala pale kungoja soko la Mpondwe. Mwenye kibanda alitaka kuweka soka ya Uingereza, ilibidi tumchangie.

"Mwalimu, leo uko upande gani?" mama mmoja muuza vitenge akaniuliza.

"Wa nyumbani, mama."

Kibanda kizima kilicheka, safari hii si kwa ubaya.

Oilers hawakuvuka kwenda Kigali, ambako Al Ahly ya Misri ilitwaa kombe Mei 27 kwa kuifunga AS Douanes ya Senegali 80-65. Lakini vijana wangu wamefunga rimu ya baiskeli kwenye mti. Wananiuliza sheria, nami nawaeleza. Neno "basket" bado hunitoka.