FURAHA YA JIRANI WAKATI WA KARANTINI



Katika sehemu hii tumezoea kuandika habari za mishahara, mikataba na fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini. Safari hii tunaandika juu ya jambo ambalo wengine watasema si kazi ya chama: namna sisi watu wa masoko na steji za Kampala tulivyotunziana furaha wakati nchi ilipofungwa kwa ajili ya korona. Sisi tunasema ni kazi ya chama kabisa, na tutaeleza sababu zake. Tunawaandikia hasa ndugu zetu wa Kenya, Tanzania, Kongo na Rwanda, maana kila nchi ilipita njia yake. Tanzania haikufungia watu majumbani. Rwanda ilifunga mapema, tarehe 21 Machi 2020. Kenya iliweka amri ya kutotoka usiku, na mwezi Mei 2020 ikazifunga Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa. Uganda ilifunga karibu kila kitu.

AMRI ZILIVYOKUWA

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Uganda alithibitishwa tarehe 21 Machi 2020. Siku nne baadaye ilitangazwa kwamba usafiri wa abiria usimame: mabasi, teksi na bodaboda. Mwendesha bodaboda aliruhusiwa kubeba mizigo tu. Tarehe 30 Machi magari ya watu binafsi nayo yakakatazwa, na mtu hakutakiwa kuonekana nje kuanzia saa 1 jioni mpaka saa 12 na nusu asubuhi. Tuliambiwa ni siku 14. Zilipokwisha zikaongezwa 21, kisha zikaongezwa tena, mpaka Juni ndipo teksi zilipoanza kurudi barabarani zikiwa na nusu ya abiria.

Amri mbili ziliwagusa wanachama wetu kuliko zote. Ya kwanza ilisema wauzaji wa chakula waendelee kuuza, lakini walale sokoni wasirudi nyumbani. Picha za akina mama wa soko la Nakasero wakilala chini ya vyandarua katikati ya meza zao zilionekana dunia nzima. Ya pili ilisema viwanda viendelee kama wafanyakazi watapiga kambi hapo hapo kiwandani. Kwa hiyo tulikuwa na watu wa namna mbili. Wengine walifungiwa nyumbani bila kazi, na wengine walifungiwa kazini bila nyumba.

KWA NINI MOYO HUVUNJIKA

Mtu aliyefungiwa hachoshwi na njaa peke yake. Sisi tuliona mambo manne yakimla polepole.

La kwanza ni siku kufanana. Jumatatu ikiwa sawa na Jumapili, mtu hupoteza hesabu, na akipoteza hesabu huacha kunawa, huacha kuchana nywele, huacha kuamka.

La pili ni kutojua mwisho. Siku 14 mtu huzivumilia. Zikiongezwa mara tatu, haamini tena tarehe yoyote.

La tatu ni uvumi. Kifo cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa mwezi Julai 2020, yaani miezi minne baada ya mgonjwa wa kwanza. Katika muda huo wengine walisema ugonjwa haupo, wengine walisema umeshaua maelfu kwa siri. Asiye na mtu wa kuzungumza naye humeza kila analosikia.

La nne ni kuudhiana. Watu waliobanana hugombania ndoo, choo, kivuli, hata kelele za mtoto. Mama aliyeuza nyanya kando ya mwenzake miaka kumi bila kukosana naye, aligombana naye kwa sababu ya mahali pa kutandika mkeka.

Haya yote hayaponi kwa hotuba. Hupona kwa vitu vidogo vinavyorudi kila siku kwa saa yake.

VITU VIDOGO VILIVYOTUSAIDIA

Salamu. Kwa desturi zetu kusalimiana ni kushikana mikono, na mkono ulikatazwa. Basi tukasalimiana kwa sauti. Asubuhi kabla ya kufungua meza, mmoja alianza upande wa ndizi, akamwita jirani yake kwa jina, naye akaitika na kumwita anayefuata, mpaka salamu ikafika upande wa maharage. Wengi waliiona kama mchezo wa kuchekesha, maana kila mtu aliongeza utani wake. Lakini ilikuwa pia daftari la mahudhurio. Siku moja salamu ilifika kwa mama mmoja muuza nyanya ikakata. Majirani walimkuta chini ya chandarua chake akitetemeka kwa malaria, hawezi kusema. Wakati ule gari halikuweza kumbeba mgonjwa bila ruhusa ya mkuu wa wilaya, na ruhusa ilichukua muda. Alifika hospitali jioni, akapona. Kama tungekuwa watu tusiosalimiana, tungedhani amelala.

Redio. Redio moja yenye sauti nzuri iliwekwa mahali ambapo meza nyingi zilisikia. Saa ya taarifa ya habari watu walinyamaza, kisha tukazungumza: rais amesema nini, hakusema nini. Uvumi ulipungua kwa sababu wote tulisikia jambo moja kwa wakati mmoja. Baada ya habari ukaja muziki, na kila mtu akacheza penye meza yake.

Mweso. Huu ni ndugu wa bao la pwani: ubao wenye mashimo 32 na kete 64, wachezaji wawili. Watu wa bodaboda waliokuwa hawana abiria walicheza mweso na ludo kwenye mitaa yao. Tuliwashauri wacheze nje, si ndani ya chumba, na wanawe mikono kwa sabuni kabla na baada, maana kete hupita mikononi mwa wote.

Siku ya Jumapili. Tuliamua Jumapili isifanane na siku nyingine. Penye posho na maharage siku sita, Jumapili palitafutwa kitu kimoja cha ziada: parachichi, samaki mdogo wa kukaanga, au chai yenye tangawizi. Gharama yake ilikuwa ndogo sana. Faida yake ni kwamba kuanzia Alhamisi watu walikuwa na jambo la kulingojea.

Nguo na nywele. Mama mmoja mzee alisema kwamba mtu akivaa gomesi lake hata kama haendi popote, mwili wake hukumbuka kwamba yeye ni mtu. Wengine walimcheka, kisha wakavaa.

Sahani kwa jirani. Mwezi wa Ramadhani mwaka 2020 ulianza mwishoni mwa Aprili, Kampala ikiwa bado imefungwa, na Idi ilisaliwa majumbani. Mitaani kwetu futari ilipita juu ya ua, ikaenda hata kwa wasiofunga. Sahani haikurudi tupu, maana kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hivyo ndivyo nyumba mbili zilivyojua kila siku hali ya chakula ya mwenzake bila yeyote kuulizwa swali la aibu.

FURAHA IGAWANYWE KWA ZAMU

Hapa ndipo penye neno letu kubwa. Furaha haikuja yenyewe. Palikuwa na mtu aliyetafuta betri za redio, mtu aliyechemsha chai, mtu aliyeanzisha salamu hata siku ambayo yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kusema. Hiyo ni kazi. Na kama ilivyo kazi nyingi zisizolipwa, mwanzoni iliangukia wanawake wale wale watatu au wanne, mpaka wakachoka.

Tukafanya kama chama kinavyofanya, tukapanga zamu. Wiki hii upande wa ndizi wanashughulikia chai, wiki ijayo upande wa mboga. Vijana wanaobeba mizigo walipewa redio na maji. Hatukuanza na kitu kipya. Akina mama walikuwa na nigiina zao, ambazo ni vikundi vya kuchangiana kwa zamu, na wengi walikuwa katika munno mukabi, yaani vyama vya rafiki wa wakati wa shida, vinavyozika na kufariji wafiwa. Palipokuwa na vikundi hivi, zamu zilipangwa kwa siku mbili. Palipokuwa hapana, watu walikaa majuma wakitazamana. Mchimba kisima huchimba kabla ya kiu.

FURAHA HAISHIBISHI

Tusidanganyane. Wimbo haujazi tumbo. Serikali iligawa chakula Kampala na Wakiso kuanzia Aprili 2020: kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa mtu, pamoja na chumvi. Wengi walishukuru, lakini mwenye nyumba hapokei unga kuwa kodi. Mwendesha bodaboda hakurudi kubeba abiria mpaka mwisho wa Julai 2020. Miezi minne bila kazi haiponywi na mweso.

Lakini tumeona pia hila nyingine. Kuna mwajiri mmoja, hatutamtaja, aliyewaletea wafanyakazi waliopiga kambi kiwandani televisheni na mpira, akawapiga picha wakicheza, huku vyoo vikiwa viwili kwa watu wengi na malipo ya saa za usiku hayakuandikwa popote. Mwakilishi wetu alimwambia hivi: asante kwa mpira, sasa tuzungumze juu ya vyoo. Huo ndio msimamo wetu. Furaha tunayojitengenezea wenyewe ni nguvu yetu. Furaha inayoletwa badala ya haki ni kitambaa cha kufunika kidonda.

Na jambo moja zaidi tumeligundua. Waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi ndio waliokwenda pamoja kudai maji na vyandarua. Waliokuwa kila mtu na meza yake, walidai mmoja mmoja, wakakosa.

MADEREVA NA MWAKA 2021

Tusiwasahau madereva wa malori. Mizigo haikusimama, lakini dereva alionwa kama ndiye ugonjwa wenyewe. Malaba foleni ilinyoosha kilomita nyingi, watu wakingoja majibu ya vipimo siku baada ya siku. Dereva wa Mombasa, wa Dar es Salaam na wa Kampala walipika kando ya magurudumu, kila mmoja na sufuria yake, wakizungumza Kiswahili kwa sauti kutoka gari hadi gari. Walioishi karibu wangeweza kuwauzia chai kwa umbali na kwa heshima. Baadhi walifanya hivyo, wengine waliwafukuza. Hili ni deni letu.

Mwaka 2021 nchi ilifungwa tena, tarehe 18 Juni, kwa siku 42. Safari hii hapakuwa na wa kusema ugonjwa haupo. Misiba ilikuwa mingi, na mazishi yaliruhusiwa watu 20 tu. Hapo tulijifunza kwamba furaha na faraja ni watoto wa mama mmoja. Munno mukabi walituma rambirambi kwa simu ya mkononi. Kila siku kwa juma zima, mtu mmoja alipewa zamu ya kumpigia mfiwa, asipigiwe na watu thelathini siku ya kwanza na kuachwa siku ya pili.

CHAGUENI KULINGANA NA UGONJWA

Siku hizi tunajua vizuri zaidi kuliko mwaka 2020 kwamba korona huenea hasa kwa pumzi, na zaidi ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Kwa hiyo kuimba pamoja chumbani ni hatari, kuliko kukaa uani mbali mbali na kusikiliza redio. Ebola ni tofauti. Huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Wakati wa Ebola msisukane nywele na mgonjwa, msitumie kikombe chake, msioshe maiti wenyewe. Salamu ya sauti na redio hufaa katika magonjwa yote mawili.

Hatusemi haya kwa kukumbuka ya zamani tu. Wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa kwa ajili ya Ebola kuanzia Oktoba 2022 mpaka Desemba mwaka huo huo. Mwaka 2025 Ebola ilitangazwa tena, Kampala penyewe. Karantini ni mgeni anayejua njia ya nyumbani kwetu.

YA KUFANYWA NA KILA TAWI SASA

1. Andikeni orodha ya majirani wa kazi: jina, namba ya simu, na mtu wa kuitwa nyumbani kwake.

2. Anzeni salamu ya asubuhi sasa, wakati hakuna ugonjwa. Ikizoeleka leo, haitahitaji kufundishwa kesho.

3. Kila soko au steji iwe na redio, betri za akiba, na ubao wa mweso au bao.

4. Pangeni nani atashika zamu ya wiki ya kwanza, wanaume kwa wanawake.

5. Katika mazungumzo na mwajiri, dai la kambi ya kazi liandikwe mapema: vyoo, maji, vyandarua, malipo ya usiku, na simu ya kuzungumza na watoto.

Tawi litakalomaliza kazi hizi tano lituandikie limefanyaje, nasi tutachapisha ili matawi mengine yasome.