Ndugu Wanaonunua Nyumba ya Kupangisha Waandikishe Hisa Zao

Ndugu wawili wanapochanga fedha kununua nyumba ndogo ya kupangisha, wengi huamini kwamba mmoja akifariki, mwenzake hubaki na nyumba yote. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinaeleza kuwa, pasipo idhini ya mahakama, umiliki wa namna hiyo ni wa mume na mke pekee.

Ndugu huhesabiwa kuwa wamiliki kwa hisa. Hisa ya marehemu huingia katika mirathi yake. Hati ya uhamisho isipotaja aina ya umiliki, huchukuliwa kuwa hisa ni sawa, hata kama mmoja alilipa zaidi. Aidha, anayetaka kumuuzia mtu wa nje hisa yake sharti apate idhini ya mwenzake kwa maandishi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, hisa ya kila mmoja itajwe katika hati, na mkataba ueleze atakayekusanya kodi, atakayegharimia matengenezo, na jinsi hisa itakavyothaminiwa mmoja akijitoa. Maandishi hayo yatawaepusha watoto wao kukutana mahakamani.