Nani Hulipia Swali la Daktari?

Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo. Watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakatibiwa kwa kwinini, wengine kwa artesuneti. Upande wa kwinini walifariki asilimia 10.9, upande wa artesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti kwa watoto.

Bili ililipwa na Wellcome Trust, wakfu wa London ulioanzishwa mwaka 1936 kwa wosia wa Henry Wellcome, tajiri wa dawa. Kwinini ni dawa ya zamani, na artesuneti ilibuniwa China. Hapakuwa na kampuni kubwa ya kutajirika kwa jibu lolote. Maswali ya aina hiyo, wasipoyalipia watu wa wakfu au serikali, hubaki bila majibu.

Fedha hazitolewi kwa huruma, hata ugonjwa uwe wa kutisha vipi. Andiko la mtafiti hupelekwa kwanza kwa wahakiki wa nje, kisha kwenye kamati, na mjumbe mwenye maslahi na mwombaji hutoka chumbani. Huulizwa: je, kweli haijulikani dawa ipi ni bora? Kama inajulikana, kumpa mgonjwa ile dhaifu ni kumdhulumu.

Halafu huja hesabu, na hapo ndipo maandiko mengi huangukia. Tofauti ya 10.9 na 8.5 ni watoto kama wawili katika kila mia. Ukipima watoto 100 kila upande, utaona labda vifo 11 huku na 9 kule, na hiyo inaweza kuwa bahati tu. Kwa maoni yangu, utafiti mdogo wa bei rahisi ndio ghali kuliko yote: wagonjwa hudungwa, fedha huisha, swali hubaki palepale.

Ombi likipita, bado kamati ya maadili ya kila nchi lazima iridhie. Tangu 2005 Wellcome pia hudai makala za watafiti wake zisomwe bure mtandaoni. Lakini kununua dawa iliyoshinda kwa ajili ya hospitali za wilaya si kazi ya ruzuku ya utafiti. Mzigo huo huangukia bajeti za serikali na wafadhili wengine.