Sigara na Mgonjwa wa Skizofrenia: Tusimhukumu kwa Haraka

Maradhi ya akili hayachagui pwani wala bara. Mama wa Kenyenya, katika kaunti ya Kisii, mwenye mwana anayeugua skizofrenia, hujiuliza suali lile lile la mama wa Mombasa au Lamu: mbona sigara imemshinda mwanangu kuiacha? Majirani husema ni ukaidi. Sisi twasema zipo sababu.

Kwanza, nikotini hufika ubongoni kwa sekunde chache, ikaamsha kemikali iitwayo dopamini. Mgonjwa ambaye fikra zake hutawanyika hupata umakini na raha ya kitambo. Raha hiyo ikipita, hudai sigara nyingine.

Pili, akiikosa huingiwa na wasiwasi, hasira na kukosa usingizi. Aila hudhani maradhi yamerejea. Naye hudhani hivyo hivyo, akairudia.

Tatu, na hili ndilo kubwa: moshi wa tumbaku hulifanya ini livunje upesi baadhi ya dawa, zikiwamo klozapini na olanzapini. Kwa hivyo mvutaji huenda akahitaji kipimo kikubwa zaidi. Akiacha ghafla, dawa ile ile huzidi mwilini, akalemewa na usingizi au, kwa klozapini, hata akapatwa na kifafa. Kumnyang'anya sigara pasi na kumwarifu daktari kwaweza kumdhuru.

Hatusemi aachwe avute. Wenye maradhi mazito ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, na maradhi ya moyo na mapafu yana sehemu kubwa katika msiba huo. Tiba ipo: tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limeweka bandiko na chingamu za nikotini katika orodha ya dawa muhimu. Hizo hazina moshi, basi hazilichochei ini.

Enyi kina mama, mgonjwa akitaka kuacha, fuataneni naye kwa daktari wake, iwe hospitali ya rufaa ya Kisii au iliyo karibu nanyi. Ulizeni mambo mawili: je, kipimo cha dawa zake kipunguzwe, na atapewa nini cha kumsaidia? Nyumbani, mpeni subira na shughuli ya mikono. Akiteleza, msimkemee, aanze tena. Kutafuta tiba ni katika dini yetu, na kumhurumia aliye dhaifu ni amana.