Malale, Maradhi Yajayo Polepole

Mtu akisikia jina la ugonjwa wa usingizi hudhani kwamba mgonjwa hulala siku zile zile aumwapo na mbung'o. Sivyo. Usingizi ni mlango wa mwisho wa maradhi haya, na aliyefika hapo amekwisha pita milango mingine ambayo jamaa zake hawakuitambua.

Sisi tukaao Gungu, baina ya Kigoma na Ujiji, yatupasa kuyajua, maana mwambao wa ziwa letu ulipata kuteswa nayo. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 malale yaliingia Tanganyika, na Serikali ya Kijerumani ikaweka kambi za wagonjwa, ikafyeka vichaka vya ukingoni wanamokaa mbung'o, nao waganga wakawapapasa watu shingoni.

Kwa nini shingoni? Mbung'o aumapo hutia vijidudu katika damu; humo huongezeka, na tezi za nyuma ya shingo huvimba. Mtu hushikwa na homa ijayo na kuondoka, kichwa chamwuma, viungo vyamwuma, lakini bado huvua dagaa na kulima shamba lake. Miezi hupita, pengine hata miaka. Ndipo vijidudu huingia katika ubongo. Aliyekuwa mpole huwa mgomvi. Usiku hukesha, mchana husinzia na tonge mkononi. Mikono yatetemeka, ulimi huwa mzito, miguu yayumba. Mwili hukonda, kwa kuwa hata kula kwamshinda. Jamaa hunong'ona kwamba amerogwa, na fedha ya kumpeleka hospitali huishia kwa mpiga ramli. Hatumcheki mtu: maradhi yabadilishayo tabia kabla ya kuulaza mwili hufanana sana na mambo ya uchawi.

Hayo ni malale ya magharibi. Yako na ya mashariki, ndiyo yapatikanayo Tanzania, ambayo vijidudu vyake hukaa pia katika ng'ombe na wanyama wa porini. Hayo hayangoji: humaliza mtu kwa majuma au miezi michache.

Dawa nazo zilikuwa na taabu zake. Robert Koch alipotumia atoksili katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka. Melarsoproli, iliyotolewa mwaka 1949, ilifika ubongoni, lakini yenyewe iliua mgonjwa mmoja hivi katika kila 20. Siku hizi viko vidonge vya feksinidazoli, vimezwavyo pamoja na chakula kwa siku 10. Wakaguzi wa dawa wa Ulaya walivikubali mwaka 2018 kwa malale ya magharibi, na mwaka 2023 kwa yale ya mashariki.

Basi atokaye porini kuwinda au kurina asali, akishikwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, na amwambie mganga kwamba aliumwa na mbung'o, aombe damu yake itazamwe kwa darubini. Asiposema neno hilo, huenda akapewa dawa ya malaria mara ya pili na kurudishwa nyumbani.