Wati Si Mwanga: Kutoka Glopu Hadi LED

Je, wajua kwamba glopu ya wati 60 ikiwaka sebuleni, wati zinazogeuka kuwa mwanga hazizidi 6? Zinazobaki zinaishia kupasha joto kioo, holda na hewa ya chumbani. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, haina habari na hilo. Inakata uniti kwa wati zote 60.

Jambo hili lina uzito mahali kama Munisagara, stesheni ya reli ya kati magharibi ya Kilosa, ambako njia ya treni inafuata bonde la Mto Mkondoa kuelekea Kidete na Gulwe. Jua likishazama nyuma ya milima ya Usagara, kinachofanyika baada ya hapo kinategemea taa: mtoto anasoma, mama anapepeta mchele wa kesho, mwenye duka anahesabu mauzo. Ukiingia duka la vifaa vya umeme, iwe Kilosa mjini au Mikumi barabarani, utasikia mteja akiuliza swali lilelile: "Ya wati ngapi?" Enzi za glopu swali hilo lilitosha, maana taa zote zilikuwa za aina moja na yenye wati nyingi ndiyo iliyong'aa zaidi. Leo linapotosha. Wati ni kiasi cha umeme taa inachokula. Mwanga inaotoa hupimwa kwa lumeni, na uhusiano wa viwili hivyo unategemea kabisa namna taa yenyewe inavyotengeneza nuru.

Tuanze na glopu, mkongwe wao. Ukiisogeza karibu ikiwa imezimwa, utaona ndani yake kiwaya chembamba kuliko unywele, kimeshikwa na vijiti viwili. Kikitazamwa kwa lenzi, kiwaya hicho ni springi, na mara nyingi springi hiyo nayo imesokotwa tena kuwa springi nyingine. Ukikinyoosha chote kinazidi nusu mita. Ni cha tungsteni, metali inayoongoza kwa kustahimili joto: haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 3,422 za Selsiasi. Umeme unapopita humo, elektroni zinapenya kwa kusukumana na atomu kama abiria wa daladala saa ya jioni, na msukumano huo unazaa joto. Kiwaya kinafika nyuzi 2,500 hivi, kinang'aa.

Kung'aa huko hakuna siri. Kila kitu chenye joto hutoa miale. Hata mwili wako unatoa usiku kucha, ila ni miale ambayo jicho haliioni. Chuma kikiwa motoni kwa mhunzi huanza na wekundu, kikizidi joto kinaelekea njano. Uso wa jua una nyuzi kama 5,500, na katika joto hilo sehemu kubwa ya miale inaangukia pale jicho linapoona vizuri. Tungsteni haiwezi kufikishwa huko, itayeyuka njiani. Ndiyo maana mwanga wa glopu una umanjano, na ndiyo maana wati zake nyingi hutoka kama miale ya joto isiyoonekana. Glopu kwa kweli ni jiko dogo linalotoa mwanga kidogo pembeni.

Thomas Edison wa Marekani na Joseph Swan wa Uingereza, waliofanikisha taa hizi miaka ya 1878 na 1879, walitumia nyuzi za kaboni ndani ya kioo kilichofyonzwa hewa, kwa sababu oksijeni ingeziunguza papo hapo. Tungsteni ilikuja mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1913 Irving Langmuir akaonyesha faida ya kujaza kioo gesi isiyounguza badala ya kukiacha kitupu: gesi inazuia atomu za tungsteni zisichomoke ovyo kwenye kiwaya. Hata hivyo zinaendelea kuchomoka polepole. Ule weusi unaouona ndani ya glopu iliyozeeka ni tungsteni iliyohama kutoka kwenye kiwaya ikaganda kwenye kioo. Kiwaya kinakonda, na mahali kilipokonda ndipo kinapopata moto zaidi na kukatika.

Na kwa nini hukatika hasa unapobonyeza swichi? Kiwaya cha baridi kinapitisha umeme kirahisi mara 10 hadi 15 kuliko kikiwa cha moto. Nukta ile ya kwanza umeme unakivamia, na pale palipokonda panashindwa.

Hapo ndipo lilipo fumbo la glopu. Ukiiwasha kwa joto dogo inaishi sana lakini haimuliki. Ukiipandisha joto inamulika vizuri lakini inakufa haraka. Katika kituo cha zimamoto cha Livermore, California, kuna taa inayowaka tangu 1901, na watu huisifu kana kwamba mafundi wa zamani walijua siri iliyopotea. Siri yenyewe ni kwamba inawaka kwa wati kama 4 tu, mwanga wake hafifu mno kusomea. Lakini biashara nayo ilitia mkono. Mwaka 1924 kampuni kubwa za taa, Osram, Philips na washirika wa General Electric zikiwemo, ziliungana katika shirikisho lililoitwa Phoebus na kukubaliana glopu zisizidi saa 1,000. Kampuni ambayo taa zake zilidumu zaidi ilitozwa faini. Mimi sioni namna ya kuutetea uamuzi huo. Walikuwa na hoja ya kisayansi mkononi, wakaitumia kumkamua mnunuzi.

Halojeni ni glopu iliyoboreshwa. Kioo chake ni kidogo, cha kwatzi, na ndani kuna iodini au bromini kidogo inayoidaka tungsteni iliyochomoka na kuirudisha kwenye kiwaya. Kwa hiyo kiwaya kinaweza kupandishwa joto zaidi. Wengi wetu tunaijua kutoka kwenye taa za mbele za magari na bodaboda. Usiishike kwa vidole vitupu: mafuta ya ngozi huunguza alama kwenye kioo, na kioo hupasukia hapo.

Tyubulaiti iliachana kabisa na wazo la kupasha kitu moto mpaka king'ae. Ndani ya lile bomba kuna gesi kidogo na tone la zebaki ambalo sehemu yake hugeuka mvuke. Umeme ukipita, elektroni zinagonga atomu za zebaki. Atomu iliyogongwa hupokea nguvu, kisha huitoa kama mwale, na mwale huo ni wa urujuanimno, usioonekana. Kama kioo kingekuwa kitupu usingepata mwanga wa maana. Kazi inafanywa na ule unga mweupe uliopakwa ndani: unameza urujuanimno na kutoa mwanga unaoonekana. Bomba la wati 36 hutoa lumeni 2,500 na zaidi, ilhali glopu ya wati 60 hutoa kama 700 tu. Bomba hilo likiwaka unaweza kulishika kwa mkono.

Shida yake ni kuwaka. Gesi ikiwa baridi haipitishi umeme, kwa hiyo inahitaji kusukumwa. Stata, kale kakopo kadogo pembeni, ina vibamba viwili vinavyopata joto, vinagusana, vinaachana. Vinapoachana, choki, ile koili ya waya iliyofungwa pamoja na taa, inatoa mruko wa volti nyingi unaolifungua bomba. Ndiyo sababu tyubulaiti hupepesa kabla ya kutulia. Mwisho wa laini ndefu ya kijijini, ambako jioni watu wote wakiwasha umeme unakuwa mdogo, mruko huo hautoshi, na taa inabaki kupepesa mpaka ncha zake zinakuwa nyeusi. Glopu katika hali hiyo haikatai kuwaka, ila volti zikipungua kwa asilimia 10 mwanga wake hupungua kwa karibu asilimia 30.

Hatari moja ya tyubulaiti haisemwi vya kutosha. Yenye choki ya zamani huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, lakini msumeno wa duara au pulii ya mashine ya kusaga ikizunguka kwa mwendo unaoafikiana na mapigo hayo, huonekana kama imesimama. Mtu anaweza kupeleka mkono. Penye mashine, weka taa ya aina nyingine.

Enaji seva, zile taa zilizojikunja zilizoenea miaka ya 2000, ni tyubulaiti iliyokunjwa na kuwekewa saketi ya elektroniki badala ya choki. Nazo zina zebaki, miligramu chache tu. Ikivunjika chumbani, fungua madirisha, toa watoto nje kwa robo saa hivi, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu. Usifagie, maana ufagio unasambaza. Nchi za Afrika ndizo zilizopeleka pendekezo la kuzipiga marufuku taa hizi na tyubulaiti chini ya Mkataba wa Minamata unaohusu zebaki, na mwaka 2023 mkutano wa nchi wanachama ulikubaliana kuwa utengenezaji wa tyubulaiti na biashara yake kuvuka mipaka vikome ifikapo 2027. Ni ushindi ambao haukutangazwa inavyostahili.

Taa za sodiamu, zile za rangi ya machungwa kwenye barabara na bandarini, hufuata njia ya zebaki, ila atomu ya sodiamu hutoa mwanga unaoonekana moja kwa moja bila kuhitaji unga. Zinakula umeme kidogo, lakini chini ya zile za mgandamizo mdogo shati jekundu na la kijani huwezi kuyatofautisha.

Halafu ikaja LED. Hapa hakuna kiwaya, gesi wala zebaki. Kuna kipande cha nusu-kipitishi, kidogo kuliko punje ya mtama, chenye tabaka mbili: moja imezidiwa elektroni, nyingine imepungukiwa. Umeme ukisukumwa, elektroni zinavuka mpaka na kuangukia kwenye nafasi zilizo wazi upande wa pili, na kila elektroni inayoanguka inaweza kuachia chembe ya mwanga. Kimo cha anguko ndicho kinachoamua rangi. Anguko fupi hutoa nyekundu, refu hutoa bluu.

Nick Holonyak alitengeneza LED nyekundu ya kwanza inayoonekana mwaka 1962. Ya bluu iliwatoa watu jasho kwa miaka 30. Bila bluu hakuna nyeupe, na vichwa vikubwa viwandani vilishaamua kwamba galiamu nitraidi haifai. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, hawakukubali. Walifaulu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Ukifungua taa ya LED utaona madoa ya manjano kwenye bati. Huo ni unga uliofunika kipande cha bluu: sehemu ya bluu inapita, sehemu inamezwa na kutolewa kama njano, na jicho likichanganya viwili hivyo linaona nyeupe.

Mafundi wetu wanalijua bati hilo. Madoa yamefungwa kwa mfuatano, na moja likiungua, lenye nukta nyeusi katikati, taa nzima inazima. Fundi analitambua kwa macho, analiruka kwa kipande cha waya na risasi, taa inawaka tena. Ni kazi safi, ila ifanywe taa ikiwa nje ya holda, kwa sababu saketi nyingi za bei rahisi zimeunganishwa moja kwa moja na volti 230. Tena madoa yaliyobaki hupata mzigo zaidi, kwa hiyo hayadumu sana. Mara nyingi kinachoua LED ni joto lililokosa pa kutokea na kapasita dhaifu ndani ya kitako. Usiifungie ndani ya kifuniko kisichopitisha hewa.

Sasa rudi kwenye LUKU. Glopu nne za wati 60, saa tano kila jioni, zinakula uniti 36 kwa mwezi. LED nne za wati 9, zenye lumeni 800 kila moja, zinakula uniti 5.4. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo mpaka wake ni uniti 75 kwa mwezi, glopu hizo zinameza karibu nusu ya nafasi hiyo kabla hujawasha redio. Na kusini ya Mikumi, Kidatu, mitambo minne ya umeme inayozungushwa na maji ya Ruaha Mkuu ina uwezo wa megawati 204. Ukiachilia mbali umeme unaopotea njiani, hizo ni glopu milioni 3.4, au LED zaidi ya milioni 22.

Kwa hiyo kwenye boksi tafuta lumeni kwanza. Boksi lisilozitaja liache dukani. Kisha tazama namba yenye herufi K, inayoeleza rangi ya mwanga. Nyingi zinazouzwa kwetu ni 6500K, nyeupe inayoelekea bluu, kwa kuwa watu huiona kali. Ndani ni hiari yako. Barazani chagua 2700K, yenye umanjano. Wadudu wengi hawaioni vizuri njano kama wanavyoiona bluu na urujuanimno, na mwaka 2024 watafiti waliotumia kamera za kasi walionyesha kwamba hawavutwi na taa kama tulivyodhani. Mdudu hupeleka mgongo wake kwenye mwanga, kama alivyozoea kuupeleka kwenye anga, na taa ikiwa ubavuni anajikuta anaizunguka bila kuweza kutoka. Mbu wana tabia zao. Mitego ya taa inayotumiwa na watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara hutundikwa karibu na mtu aliyelala ndani ya neti, kwa maana pumzi na harufu ya mtu ndizo zinazowaleta karibu. Taa ya njano barazani itakupunguzia kumbikumbi na nondo. Kwa mbu, bado neti inahitajika.